Insulini yangu ni 19.6: nimwamini nani?

BARUA

Daktari, hujambo, na pole kwa kazi.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 38. Naishi Manyatta hapa Kisumu na nauza mitumba soko la Kibuye. Mama yangu mzazi yuko kijijini, Siaya. Amekuwa na kisukari miaka mingi, na mwaka jana alikatwa vidole viwili vya mguu. Tangu hapo anajidunga insulini asubuhi na jioni.

Hali yake ndiyo iliyonisukuma nikapime, maana siku hizi mimi pia nachoka ovyo. Nikishakula cha mchana nasinzia mbele ya wateja. Shingo yangu kwa nyuma imekuwa nyeusi na ngozi imekuwa nene. Nimeisugua kwa jiwe hadi ikachubuka, haitoki. Sijui kama inahusu, lakini mtoto wangu wa pili alizaliwa na kilo 4.3.

Nilienda maabara moja ya kibinafsi mjini, nikaambiwa wana mpango wa kupima vitu vingi kwa pamoja, nikalipa. Masharti nilifuata. Sikula kitu baada ya saa tatu usiku. Asubuhi saa kumi na mbili nikanywa tu kikombe cha chai ya maziwa, bila sukari, kwa sababu nilikuwa natoka mapema kuchukua robota la nguo. Saa tatu nikatolewa damu.

Majibu yalikuja hivi: sukari 5.4 mmol/L. Chini yake imeandikwa "Fasting Insulin" 19.6 µIU/mL, na pembeni 2.6 hadi 24.9. Hakuna nyota wala alama nyekundu. Kijana aliyenipa karatasi akasema, "Mama, uko sawa, enda nyumbani."

Nikatuma picha ya karatasi kwenye grupu ya chama chetu. Mwenzetu mmoja anayeuza virutubisho akanipigia simu usiku huohuo. Anasema insulini ikipita 5 kongosho limeanza kufa, na yangu imepita karibu mara nne. Ana unga wa kusafisha kongosho, Sh4,500 kwa mwezi, na dozi ni miezi mitatu. Akaongeza kwamba insulini nyingi ndiyo inayonenepesha watu na kuwaua, hata zile sindano za mama ndizo zinazomwozesha mguu.

Mume wangu anasema nilitupa pesa maabara na sasa natafuta pa kutupa zingine. Usingizi sipati. Nimwamini kijana wa maabara au dada wa chama? Nirudie kipimo? Na mama je, nimwambie apunguze sindano?

Mama Wawili, Kisumu


JIBU

Mama Wawili, umeniita daktari na mimi si daktari. Kazi yangu ilikuwa ya maabara: kutoa watu damu, kuipima na kuandika majibu. Karatasi za aina yako nazifahamu vizuri. Matibabu yana wenyewe, na huko mbele nitakuambia uende kwao na nini mkononi.

Naanza na mama, kwa sababu la mama haliwezi kungoja. Usimwambie apunguze sindano hata moja. Kama umeshamwambia, mpigie simu sasa hivi umwambie azirudie kama alivyoandikiwa, na jibu hili utalimalizia baadaye.

Dada wa chama amechanganya mambo mawili yasiyochanganyika. Insulini iliyopimwa kwenye damu yako imetengenezwa na kongosho lako mwenyewe, na swali letu ni kwa nini limelazimika kutengeneza kiasi hicho. Ya mama yako inatoka kwenye chupa kwa sababu kongosho lake limeshindwa kumtosheleza. Akiiacha, sukari itapanda, atakojoa mfululizo, maji yatamwishia mwilini, na kwa mtu wa umri wake kupoteza fahamu si jambo la ajabu. Mguu wa mgonjwa wa kisukari huharibika kwa sababu sukari iliyokaa juu kwa miaka imeua mishipa ya fahamu na kuharibu mishipa ya damu. Mgonjwa anajikwaa asisikie, kidonda kinaanza, damu ya kukiponya haifiki. Sukari ikishuka, kidonda kinapata nafasi ya kufunga. Sindano ndiyo inayoishusha.

Watu wamesahau mambo yalivyokuwa kabla ya dawa hii. Januari 1922, hospitalini Toronto, Kanada, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alianza kudungwa insulini akiwa amebaki ngozi na mifupa. Kabla yake, mtoto mwenye kisukari cha namna ile alinyimwa chakula ili asogeze siku, kisha akafa. Leonard aliishi miaka mingine 13. Anayesema sindano ni sumu na awaambie hayo wazazi wa watoto wanaodungwa leo. Mama akitetemeka, akitoka jasho la baridi au kuchanganyikiwa baada ya kujidunga, hiyo ni sukari kushuka kupita kiasi: apewe kitu chenye sukari papo hapo, kisha kliniki yake iambiwe ili wao warekebishe dozi. Si sisi, wala si chama.

Sasa karatasi yako. Umeandika kwamba ulifuata masharti, na sentensi mbili baadaye ukataja chai ya maziwa kama mtu anayetaja hali ya hewa. Kikombe hicho kimeharibu kipimo. Maziwa yana sukari yake ya asili hata usipotia kijiko, na protini ya maziwa nayo hulichokoza kongosho limwage insulini. Saa tatu baadaye sukari inaweza kuwa imetulia huku insulini ikiwa bado haijarudi chini kabisa. Kipimo hiki kinataka ukae muda wa saa nane hadi kumi na mbili bila chochote ila maji. Hakuna chai ya maziwa, hakuna uji mwepesi, na hata kutafuna chingamu nakukataza. Aliyekutoa damu angekuuliza mara ya mwisho uliweka nini mdomoni, angekurudisha nyumbani ukaja kesho yake.

Kwa hivyo 19.6 yako haistahili kuitwa insulini ya mtu aliyefunga. Huenda ingekuwa 17, huenda 10. Hata wasipokunywa chai watu hutofautiana: mtu yuleyule akipimwa asubuhi mbili, namba zinaweza kupishana vya kutosha kumtia wasiwasi. Mashine nazo hazijasawazishwa, kwa hivyo damu ileile ikienda maabara mbili inaweza kurudi na majibu mawili. Halafu kuna safari. Baadhi ya maabara hutoa damu hapa na kuituma mji mwingine kupimwa. Seli nyekundu zikipasuka njiani hutoa kitu kinachoila insulini, na majibu yanakuja chini kuliko ukweli. Hata vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini nyingi huvuruga baadhi ya mashine. Nakueleza haya yote ili usije ukaipa namba moja heshima isiyostahili.

Lakini tuseme ulikuwa umefunga sawasawa. Ningeisomaje?

Nisingeisoma peke yake. Insulini husomwa pamoja na sukari ya asubuhi ileile, kwa sababu kazi yake ni kuidhibiti hiyo sukari. Wewe ni mtu wa Kibuye, utanielewa. Soko likiwa tulivu, muuzaji mmoja akitaja bei kwa sauti ya kawaida anauza fungu lake. Soko likijaa kelele, anahitaji vijana watatu wa kupaza sauti ndipo auze fungu lilelile. Ukihesabu pesa jioni huoni tofauti yoyote. Gharama iko kwenye makoo. Sukari yako ya 5.4 ndiyo hizo pesa za jioni, insulini ndiyo hayo makoo. Ini, misuli na mafuta ya tumboni vikianza kuwa sugu, yaani visiitikie insulini ipasavyo, kongosho huongeza insulini ili sukari ibaki palepale, na linaweza kufanya hivyo kwa miaka bila kipimo cha sukari kusema neno.

Ipo hesabu iliyotolewa Oxford, Uingereza, mwaka 1985, inayoitwa HOMA-IR. Unazidisha sukari kwa insulini, unagawanya kwa 22.5. Yako: 5.4 mara 19.6 ni 105.84, gawanya kwa 22.5 unapata 4.7. Mtu mwenye sukari 4.8 na insulini 6 anapata kama 1.3. Watafiti wengi huanza kusema mwili umekuwa sugu inapofika karibu na 2 au 2.5, ingawa hawajakubaliana mpaka mmoja wa dunia nzima. Hesabu hii inataka insulini iwe katika µIU/mL na sukari iwe katika mmol/L. Ukiletewa karatasi ya shemeji aliye ng'ambo imeandikwa 60 pmol/L, usipige nduru. Gawanya kwa 6, ni kama 10 ya kwetu.

Sasa unaona kijana wa maabara alikosea wapi. Hakudanganya, maana 19.6 kweli iko kati ya 2.6 na 24.9. Lakini safu ile ya pembeni hupatikana kwa kupima watu wanaoonekana wazima na kukata ncha mbili, huku na huku. Inakuambia watu wengi wako wapi. Haikuambii pazuri ni wapi, na miongoni mwa hao waliopimwa hawakosi ambao miili yao ilikuwa imeshaanza usugu bila wao kujua. Kutokuwepo nyota kwenye karatasi si cheti cha afya.

Na dada wa chama? Amepatia kidogo, na ndiyo maana anauzia watu. Ni kweli insulini ya juu kwa mtu aliyefunga inaweza kuwa ishara ya mapema. Ila hiyo 5 yake haitumiki na Shirika la Afya Duniani wala chama cha kisukari cha Marekani kusema nani mgonjwa na nani mzima. Hawapimi kisukari kwa insulini kabisa. Tena amepindua maana. Kongosho linalomwaga insulini nyingi linafanya kazi ya ziada, halijafa. La kuogopesha zaidi ni kinyume chake: sukari iko juu na insulini iko chini. Hapo ndipo unajua kongosho limechoka.

Kwa kweli, Mama Wawili, maabara haikukuambia jambo ambalo shingo yako haikuwa imeshakuambia. Ngozi nyeusi iliyonenepa nyuma ya shingo, wakati mwingine makwapani pia, ni alama inayojulikana ya mwili ulio sugu kwa insulini. Acha kuisugua, si uchafu, unajiumiza bure. Ongeza mama mwenye kisukari. Ongeza mtoto wa kilo 4.3, maana mtoto mkubwa hivyo huenda alizaliwa na mama ambaye sukari yake ilipanda wakati wa mimba bila kugunduliwa. Kipimo kimoja hukukitaja na unacho mkononi kila siku: utepe wa kupimia nguo. Jizungushe tumboni baada ya kutoa pumzi. Kwa wanawake wa Afrika kusini mwa Sahara mpaka unaotumika ni sentimita 80, karibu inchi 31 na nusu. Kwa mume wako ni 94. Naye ajipime, asiishie kuhesabu pesa za maabara.

Hedhi pia hukuitaja. Kama inaruka miezi, au una nywele za kidevuni zinazokusumbua, mwambie daktari bila haya, kwa sababu tatizo la ovari zenye vifuko vingi huandamana na usugu huu.

Kurudia kipimo cha insulini? Mimi singerudia. Hata ikija 9 au 22, ushauri utakaopewa ni uleule, na pesa ni zako. Kipimo hiki kina mahali pake: mtu ambaye sukari yake inashuka hadi anaanguka bila kutumia dawa yoyote, au pale bingwa wa homoni ana swali lake maalumu. Kwa anayejidunga, kama mama, hakina faida, kwa sababu mashine inaweza kuhesabu na ile ya chupa.

Nenda hospitali ya umma au kliniki unayoiamini, ubebe karatasi yako, na useme wazi habari ya chai. Omba sukari ya asubuhi irudiwe ukiwa umefunga kweli. Ikiwa chini ya 5.6, vizuri. Kati ya 5.6 na 6.9 Wamarekani wanahesabu kuwa imeanza kupanda, Shirika la Afya Duniani linaanzia 6.1. Ikifika 7.0 na ikarudiwa ikawa hivyohivyo, ni kisukari. Omba pia HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari ya kama miezi mitatu. Hicho hakijali ulikunywa chai au hukunywa. Kuanzia asilimia 6.5 ni kisukari, na 5.7 hadi 6.4 ni onyo.

Hapo nina tahadhari kwa sisi watu wa kanda ya ziwa. HbA1c husomwa kwenye seli nyekundu, na huku kwetu selimundu (sickle cell), ugonjwa wa kurithi wa seli hizo, ni ya kawaida. Kama una selimundu, umeongezewa damu karibuni, au una upungufu wa damu, namba hiyo inaweza kudanganya juu au chini. Hata aliyerithi upande mmoja tu asiyeumwa anaweza kuletewa majibu yasiyoaminika na baadhi ya mashine. Mwambie mpimaji mapema. Shinikizo la damu na mafuta ya damu nayo yapimwe siku hiyohiyo. Usugu wa insulini hautembei peke yake.

Kuhusu kuishi, sina ujuzi wa siri. Mwaka 2002 Wamarekani walitoa matokeo ya utafiti mkubwa wa watu ambao sukari ilikuwa imepanda lakini hawajafika kisukari. Waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea haraka dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kuugua kwa asilimia 58. Waliopewa metformini, dawa ya vidonge ya kisukari, kwa asilimia 31. Miguu iliishinda dawa. Kama una kilo 86, asilimia 7 ni kilo 6, si lazima urudi mwili wa harusi. Na metformini ni ya kuandikiwa na daktari, usiombe nusu ya dawa za mama.

Sikukatazi ugali. Nakwambia ugali uwe mdogo kuliko mboga, na samaki au omena wawepo kwenye sahani. Mlo wa sokoni ndio unaokumaliza, nadhani: chai yenye vijiko vitatu, mandazi mawili, na soda saa nane ukisinzia. Anza na soda. Halafu chai. Tembea baada ya kula, hata kuzunguka vibanda vya wenzako kuona wameuza nini, kwa sababu misuli inayotembea huchukua sukari bila kuhitaji insulini nyingi. Lala pia. Ukiamka saa tisa usiku kufuata robota na kulala saa tano, usugu unaongezeka hata ukila vizuri.

Mume wako mwambie nusu ya maneno yake ni kweli: kipimo kile hakikuwa na ulazima. Nusu nyingine si kweli, kwa sababu bila karatasi ile usingeandika, na mama angepunguziwa sindano.

Unga wa kongosho usiununue. Kongosho halisafishwi kwa unga. Kama umeshatoa hizo Sh4,500, zidai. Mko chama kimoja na zamu yake ya kupokea pesa inajulikana.